Wembe wa Marehemu Mabula

Geita, 4 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini hamjambo hapo Kambarage, wewe na pacha wangu Kulwa, na kwamba mguu wako umepoa. Mimi mzima, ila uso ndio mgonjwa, utaelewa mbele.

Barua hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi kwa sababu simu umenifungia. Nilipiga kwa namba ya rafiki yangu Boaz, ukasikia sauti yangu ukakata. Nikapiga kwa ya mama mwenye nyumba, ukakata tena. Mama mtu mzima unanuna kama msichana aliyegombana na mchumba! Sawa, niliondoka bila kuaga. Ningeaga, ungeniruhusu? Ungefunga mlango, ufunguo ungeuficha kwenye sanduku la vitambaa vya wateja, na mimi ningebaki natazama dari.

Nisikilize basi. Nimepata kazi. Si ya kushuka kwa kamba, ni kwa mkandarasi anayechimba chini kwa mashine, na mimi nitakuwa msaidizi wa fundi anayetoboa mwamba. Kizuizi ni kimoja na utacheka: ndevu. Anayeshuka lazima avae barakoa ya mpira yenye vichujio viwili mashavuni, na barakoa ile haishiki juu ya ndevu. Hata vinyweleo vya jana vinapitisha vumbi. Kuna dada wa usalama anaitwa Ghati, mkali kuliko wewe. Anakuvisha barakoa, anakufunika kichwa kwa mfuko mweupe wenye kidirisha, halafu anapuliza dawa chungu ndani ya mfuko. Ukisikia uchungu mdomoni, barakoa inavuja na kazi huna. Mara ya kwanza nilikuwa nimenyoa kwa mashine ya saluni, nikausikia. Nikanunua nyembe za plastiki za kutupa, nikawa nanyoa kila asubuhi, vikaota vipele shingo nzima, nywele zimejikunja zikarudi ndani ya ngozi. Barakoa ikakaa juu ya vipele na uchungu ukaingia tena.

Ghati akaniambia nitafute kile kishikio cha chuma kinachowekwa wembe mmoja wa pande mbili, ndicho kinachofaa ngozi kama yangu. Nafasi ananishikia mpaka mwisho wa mwezi. Nimekwenda sokoni nikakuta vya kila aina, vifupi, virefu, vizito, vyepesi, kimoja kina meno kama kitana, kingine ukingo wake umenyooka. Kila ninachokigusa muuzaji anasema hicho hicho ndicho. Sijawahi kushika kitu hicho maishani, sijui hata pa kuanzia.

Kile cha baba kipo? Kilikuwa kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Naomba unitumie, na uniandikie kinavyoshikwa. Wewe ndiye uliyekuwa unamnyoa alipokuwa hawezi tena kuinua mkono. Sina mtu mwingine wa kumuuliza habari za ndevu ila mama yangu, na hilo limenichekesha peke yangu humu chumbani.

Mwanao,
Doto


Kambarage, Shinyanga, 9 Februari 2024

Doto,

Marahaba, ingawa shikamoo ya mtu aliyetoroka mimi nikiwa sokoni nanunua nyanya za mboga yake mwenyewe, siijui inaitikiwaje. Sisi wazima. Mguu haujapoa, na usijifanye unaujali.

Barua yako nilimsomea Kulwa kwa sauti. Nilipofika penye kutoboa mwamba nikaiweka chini, nikaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Una akili gani wewe? Baba yako Mabula alikufa na nini? Malaria? Aligongwa na bodaboda? Alikufa na vumbi la mawe ya Geita, hiyo hiyo unayonisifia. Lilimjaa kifuani mpaka akawa analala amekaa kwenye kiti, maana akijinyoosha anakosa pumzi. Uliyaona kwa macho yako. Leo unaniletea habari za dada na mfuko mweupe, kana kwamba wakati ule hapakuwa na watu wenye maneno matamu.

Kishikio cha baba yako hukipati. Baba yako mdogo Mihayo alikitumia siku ya matanga kuwanyoa vichwa, wewe na Kulwa na watoto wote wa ukoo, kwa mila za kwao. Alipomaliza akanikabidhi, akasema chuma kilichonyoa msiba hakirudi tena usoni mwa mtu aliye hai. Mila zao nyingi mimi hupita pembeni, lakini hiyo naishika kwa mikono miwili. Kitabaki kwenye kopo lake.

Ila najua kichwa chako, ukinyimwa mlango utapita dirishani, kwa hiyo nimekununulia kingine hapa sokoni na kimo ndani ya kifurushi. Hicho chenye meno ndicho kizuri, kizito, kinamaliza kazi haraka. Paka sabuni kidogo tu. Kandamiza barabara ili wembe ushike. Anza shingoni upandishe juu, kinyume na ndevu zinavyoota, na urudie hapo hapo mpaka pang'ae. Wembe usibadilishe ovyo, mmoja unatosha mwezi mzima.

Ukishindwa, chumba chako kipo kama ulivyokiacha. Na Mzee Salmini wa vipuri vya pikipiki bado anatafuta mtu wa kukaa dukani, nimemwambia asubiri kwanza.

Mama yako


Geita, 27 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Leo sitauliza hali.

Kifurushi kilipofika nilimwonyesha Boaz. Nikamwambia mwone mama yangu, amenuna lakini kanikumbuka. Nikafanya ulivyoandika, neno kwa neno, barua yako nimeiegemeza kwenye kioo. Nikakandamiza, nikapandisha, nikarudia. Siku ya kwanza nilitoka damu mpaka kola ikalowa, nikajipa moyo kwamba ndiyo kujifunza. Kesho yake shingo ikavimba. Wiki ilipoisha nilikuwa na vidonda vya usaha kutoka sikio hadi sikio, barakoa sikuweza hata kuigusisha ngozini. Ghati alinitazama muda mrefu. Akauliza, "Kaka, nani kakufundisha kunyoa hivi?" Nikamjibu mama yangu. Nafasi yangu kapewa mwingine.

Nikakipeleka kidude chako kwa muuzaji wa hapa, nikitaka kumgombeza mtu yeyote yule. Akakigeuza mkononi, akacheka. Akaniambia hiki cha meno ni cha mwenye ndevu nene aliyezoea miaka. Anayeanza hupewa chenye ukingo ulionyooka, kisicho kizito sana, chenye mpini usioteleza kwenye maji. Tena hakikandamizwi, na wembe unabadilishwa mara tu ukianza kuvuta. "Aliyekuchagulia hiki," akasema, "ama hajui kitu, ama hakupendi."

Nikarudi chumbani nikakaa kitandani. Wewe unajua, mama. Mimi ndiye niliyekuwa nakushikia beseni. Ulikuwa unamwekea baba kitambaa cha maji ya moto kwanza, mashavu yalainike. Ulikuwa unashuka na wembe, hujapandisha hata siku moja. Mpini uliushika kwa ncha za vidole, kule mwishoni, ukisema uzito wake wenyewe unatosha. Muda wote ule alioumwa, baba hakutoka hata tone la damu. Kwa hiyo hukukosea. Uliniandikia kinyume kwa makusudi, kwa mwandiko wako mzuri, ukafunga kifurushi na utepe mwekundu wa nguo za harusi.

Mimi ni mtoto wako. Ulikaa kwenye cherehani yako ukafikiria jinsi ya kunichana uso.

Basi umeshinda. Kwa mkandarasi sishuki. Kesho naondoka na Boaz kwenda kwenye maduara yao, huku mbele ya Katoro. Hayo ni mashimo ya kuchimba kwa mikono, wanashuka kwa kamba, hakuna Ghati wala mfuko mweupe, na hakuna anayejali una ndevu au huna. Nimeacha kunyoa. Furahi, nitafanana na baba.

Doto


Kambarage, 2 Machi 2024

Doto, wewe Doto!

Sina salamu. Ndiyo, nilifanya makusudi. Nilimwambia muuzaji anipe kibaya kuliko vyote alivyonavyo, akadhani natania, nikamwambia sina uso wa utani. Nilitaka ushindwe mtihani wa yule dada, urudi nyumbani na vidonda vyako, nikupake shabu, upige kelele, unitukane, ule, ulale. Vidonda vya shingo vinapona, vya kifua havina dawa. Hayo ndiyo niliyoyapanga, na Mungu ananisikia, ningeyapanga tena. Boaz sikumpanga.

Toka huko. Nakuomba, na kama ombi hulitaki nakuamuru. Ukimaliza kusoma panda basi. Una hasira na mimi? Njoo unigombeze hapa barazani majirani wote wasikie, sitajibu neno. Lakini kunikomoa mimi kwa kutumia kifua chako ni ujinga, na ujinga huo hukuurithi kwangu. Baba yako angalau alikuwa hajui. Wewe unajua, na unaenda kwa miguu yako mwenyewe kwa sababu umemkasirikia mama yako.

Na huyo Boaz mwambie mama yake namjua, tunakutana naye kila Jumamosi mnadani. Siku akiniletea habari mbaya juu yako, nitakaa mlangoni kwao mpaka wahame.

Simu nimekufungulia. Inaita, hupokei.

Mama yako


Kambarage, 21 Aprili 2024

Mwanangu Doto,

Asalamu alaikum. Hujaniamkia tangu mwezi wa pili, kwa hiyo naanza mimi. Kondakta anasema barua zangu anaziacha kwa mama mwenye nyumba na zinakaa tu kwenye kikapu cha vitunguu. Hii anakuletea Baba yako mdogo Mihayo mkononi. Nimemwambia asiondoke mpaka uisome mbele yake, na ukikataa akusomee kwa sauti ya juu mbele ya wenzako.

Wiki iliyopita nilimtuma aje akutazame kwa mbali. Alirudi hapa, akakaa, hakugusa chakula. Nikamwambia sema. Akasema alikukuta kwenye karasha, mashine inasaga mawe makavu na vumbi limewafunika hamtambulikani. Akasema ndevu zako zimejaa na zimekuwa nyeupe, nyusi nyeupe, alidhani ni mzee fulani mpaka ulipokohoa. Akasema umefunga fulana mdomoni.

Fulana! Baba yako naye alifunga kitambaa, na kitambaa kile nilikichana mimi kwenye kanga yangu. Nilikikunja, nikakipiga pindo kwa cherehani, nikaona nimemkinga mume wangu. Alikuwa akija nyumbani nakifua, maji yanatoka meupe kama uji, namwaga huku namshukuru Mungu kwamba vumbi limebaki kwenye nguo. Halikubaki kwenye nguo. Kanga ile naichukia mpaka leo, na nikiwaza mwanangu amefunga fulana natamani kuvunja kitu. Jana nimevunja sahani, muulize Kulwa.

Nimekaa na hasira yangu nikaitazama vizuri. Huko Geita kote kulikuwa na mtu mmoja tu aliyetaka kuuziba uso wako vumbi lisipite, naye ni yule dada Ghati, na mimi ndiye niliyempiga vita. Sikukutoa kwenye mawe. Nilikutoa kwenye barakoa nikakusukuma kwenye fulana. Hilo nalijua, huna haja ya kuniambia.

Kwenye kopo la maziwa kuna kishikio cha baba yako. Mihayo aliponiona nakishusha kabatini alisimama. "Shemeji, hicho kilinyoa msiba." Nikamwambia ndiyo, na mwingine unakuja, unataka tuukalie kimya kwa sababu ya chuma? Akasema wazee watasema. Nikasema wazee waje hapa waniambie mimi, na kama kuna balaa linitafute mimi, mtoto limwache. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho yeye mwenyewe ndiye aliyewasha jiko akakichemsha, akakisugua kwa jivu, akakifuta na shati lake.

Sasa soma, na safari hii ni haki ya Mungu. Zungusha mkia wa mpini, kichwa kinafunguka. Weka wembe mpya, ushike kwa ncha zile fupi usijikate, kisha kaza. Ona ukingo wake ulivyonyooka, hauna meno, ndiyo maana anayeanza hakimuumizi. Ndevu ndefu zipunguze kwanza kwa mkasi. Kitambaa cha maji ya moto usoni mpaka ngozi ilegee. Povu liwe jingi, usilionee uchoyo. Vuta ngozi kwa mkono wa pili. Shika mpini mwishoni kwa vidole, ulaze, acha uzito wake ushuke wenyewe kufuata ndevu. Usikandamize hata kidogo. Suuza kila baada ya kushuka. Pakibaki vinyweleo paka povu upya na ushuke tena, usipandishe. Penye vidonda vya zamani paruke mpaka papone. Ukimaliza maji baridi, kisha shabu, nimeiweka kwenye karatasi. Wembe ukianza kuvuta, tupa.

Halafu nenda kwa Ghati. Akisema hakuna nafasi, kaa nje ya ofisi yake mpaka akuchoke.

Bado sitaki ushuke chini ya ardhi. Ukiniuliza leo ni hapana, ukiniuliza siku ya kufa kwangu ni hapana. Lakini kama ni lazima ushuke, shuka umenyoa.

Mama yako


Geita, 2 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini mguu unaendelea vizuri, na safari hii naujali kweli. Msalimie Kulwa.

Baba mdogo alifanya ulivyomtuma. Alikaa juu ya jiwe kama askari mpaka nikafika mwisho wa barua. Halafu akaenda mwenyewe kwa mama ntilie kuomba maji ya moto, akanishikia beseni. Nilitaka kuharakisha, akasema, "Polepole, bhabha, kifuate kinakotaka kwenda." Kilishuka chenyewe. Sikutoka damu. Boaz na wenzake walikuja kutazama wakidhani nimefiwa, mmoja akanipa pole. Nikawaambia sijafiwa, naondoka.

Ghati kweli hakuwa na nafasi. Nilikaa nje ya ofisi yake mpaka akaudhika, akanitia stoo nisafishe barakoa za wenzangu. Vipele viliisha mimi nikiwa huko. Wiki hii mmoja kaacha kazi, akaniita kwenye mfuko mweupe. Akapuliza, akapuliza tena, akaniamuru nigeuze kichwa, niiname, nihesabu kwa sauti. Sikusikia uchungu wowote. Aliponivua akanipapasa kidevu kama anayenunua embe, akauliza, "Sasa huyu aliyekufundisha nani?" Nikasema mama yangu. Akasema, "Yule yule?"

Bado nina hasira, mama. Nataka ujue. Kila nikinyoa napita juu ya kovu lililo chini ya sikio, na kila nikipita nakumbuka utepe mwekundu. Siwezi kukwambia yameisha wakati hayajaisha.

Kabla ya kushuka wanapiga picha ya kifua. Pale mlangoni nilikuwa nawaza lile karasha. Imetoka safi. Najua neno langu peke yake hutalikubali, kwa hiyo nakutumia picha yenyewe, nimeiomba. Iweke dirishani kama tulivyokuwa tunaweka za baba. Kile cha meno nacho nakurudishia, kimo humo humo, sikitaki chumbani kwangu.

Jumatatu nashuka.

Mwanao,
Doto


Kambarage, 6 Juni 2024

Mwanangu Doto,

Marahaba. Mguu unaendelea.

Picha nimeiweka dirishani, Kulwa akashika upande mmoja na mimi mwingine. Za baba yako zilikuwa na madoa meupe kama theluji, kumbuka, juu huku na huku. Nimeitafuta kwenye yako kwa miwani na bila miwani. Sijaiona. Nikaipeleka kwa daktari, akasema mama, hiki kifua ni kizima. Nikamwambia atazame tena. Akatazama tena, kisha akanionyesha mlango.

Kile cha meno nimekitumbukiza chooni. Hasira yako ni haki yako, kaa nayo mpaka ikuchoke yenyewe, sitakusukuma. Na mimi ninayo yangu. Kila ukishuka nitakuwa nimekasirika mpaka utoke, na ukitoka nitakasirika kwamba kesho unashuka tena.

Piga simu Jumapili. Sina la kusema, mengi nimeshayaandika. Nikinyamaza usikate. Nitakuwa nasikiliza unavyopumua.

Mama yako